Mama Wima na Nyayo za Rangi ya Njano

Mama Wima wa chumba cha pasi, binti wa mchimba visima aliyechimba visima kumi na vinne na kutoka vyote na mifupa yake kamili, mjukuu wa mwanamke aliyepanda kilima na mtungi kichwani hadi wiki ya kujifungua mtoto wa saba na hakumwaga tone, mjane wa fundi paa ambaye hakuwahi kuanguka juani wala mvuani, na kufa akafia kitandani kama mtu mwenye heshima zake: huyo ndiye aliyesimama mbele ya meza ya kupigia pasi miaka thelathini na mmoja. Na Ijumaa moja, kabla ya saa sita mchana, alikasirika mpaka pasi zote za chumba zikazimwa.

Wapo watu ambao hasira zao ni za makapi. Zinawaka, zinatoa moshi, zinazima kabla maji hayajapata uvuguvugu. Hasira ya Mama Wima ilikuwa ya gogo. Ilichelewa kushika, na ikishika hata mvua haiizimi.

Dobi lenyewe, nyumba ya kufulia nguo, lilikuwa kubwa, la mashine. Mashuka yalikuja kutoka hospitalini, vitambaa vya meza vilikuja kutoka hotelini, na vyote vilifika vimejikunja kama uso wa mtu aliyenyimwa haki yake. Chumba cha pasi kilikuwa na meza sita upande huu na sita upande ule. Katikati palikuwa na njia nyembamba ya toroli la mashuka mabichi. Kila meza ilikuwa na pasi ya mvuke, mpira wake ukining'inia kutoka darini, na chini sakafu ya saruji iliyokula visigino vya wanawake wengi. Saa nane kwa siku, wima. Kiti kilikuwa kimoja tu chumba kizima, nacho kilikuwa cha msimamizi.

Kusimama, Mama Wima alifundishwa na baba yake kwenye mdomo wa kisima, akiwa na miaka tisa, kazi yake kupokea ndoo za udongo. Mzee yule hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwambia mtoto abane visigino pamoja, kisha akamsukuma begani kwa kidole kimoja. Mtoto akayumba, akaidaka kamba.

"Sasa achanisha miguu. Si hivyo, wewe si meza! Upana wa mabega yako. Huu uwe mbele kidogo, huu nyuma kidogo. Vidole viangalie nje."

Akamsukuma tena, safari hii kwa kiganja kizima. Mtoto akatikisika, lakini alibaki pale pale.

"Umeona? Mwili ni mzigo, miguu ndiyo kigoda. Ukikibana kigoda, mzigo utalala wapi?"

Basi na mafunzo yake yakaishia hapo. Lakini Mama Wima alienda nayo dobini kama wengine wanavyoenda na vyeti. Alijua kwamba mtu akisimama hasimami kimya kama ukuta. Mwili unayumba daima, kidogo kidogo, na nyayo ndizo zinazourudisha kila mara bila mwenyewe kujua. Ukizipa nafasi, zinakubeba siku nzima. Ukizibana, zinafanya kazi mara mbili, na siku moja zinashindwa. Alijua pia kwamba miguu ikipanuliwa mno inakuwa pingu, huwezi kuihamisha. Chini ya meza yake aliweka kipande cha mbao, akawa anapumzisha mguu huu kwa saa moja, kisha ule, na wenzake wakamwiga. Na kila mwanamke mle ndani, mrefu kwa mfupi, mnene kwa mwembamba, alikuwa na msimamo wake kama alivyo na mwandiko wake.

Ndipo akaja msimamizi mpya.

Huyu kabla ya dobi alikuwa mwalimu wa gwaride wa walinzi. Aliingia kifua mbele, kirungu kwapani, akatazama wale wanawake kumi na wawili, mmoja kaegemea, mwingine kapindisha nyonga, wa tatu kapandisha mguu juu ya mbao, akatikisa kichwa kama aliyeona maiti haijafunikwa. Wiki haikuisha wakawa wamekwisha kumpa jina: Mguu Sawa.

Jumamosi moja, watu wakiwa hawapo, akaja na ndoo ya rangi ya njano. Akavua viatu, akakanyaga karatasi ngumu, akakata umbo la nyayo zake. Kwa umbo hilo akachora nyayo mbili mbele ya kila meza, kisigino kwa kisigino, dole gumba kwa dole gumba, zimenyooka kama za wanaosubiri kupigiwa wimbo wa taifa. Vile vipande vya mbao akavikusanya vyote akavitupa. Jumatatu wanawake wakakuta miguu yao imekwisha kupangiwa.

"Nataka mgeni akisimama mlangoni aone mstari mmoja," alisema. "Kazi nzuri huanza na mwili ulionyooka. Hapa si sokoni."

"Afande," akauliza msukuma toroli, mama mmoja mwenye mdomo usio na kufuli, "na mtu akiwashwa, ajikune kwa zamu au kwa amri?"

Wakacheka. Mguu Sawa hakucheka. Alisema atakayeonekana nje ya rangi ataonyeshwa mlango, na watu wakaacha kucheka, maana mlango ule kila mmoja alijua unakotokezea.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye donda. Meza ya Mama Wima ilikuwa ya mwisho, nyuma ya nguzo nene. Kutoka kwenye kiti cha msimamizi unaona kichwa chake na mkono wa pasi, basi. Miguu huioni. Mama Wima alizitazama zile nyayo za njano mara moja, akajua ni upuuzi, akasimama pembeni yake kama baba yake alivyomwonyesha. Hakumwambia mtu. Miezi minne alipiga pasi vile vile, na hakusema neno. Alijiambia: mimi nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, nianze kugombana na mwenye kirungu kwa ajili ya nini?

Lakini meza ya nne, katikati kabisa, mbele ya macho ya msimamizi, alisimama mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee. Kazi ile Mama Wima ndiye aliyemwombea. Msichana alikuwa mrefu, mwepesi, nyayo zake ndefu kupita hata zile za rangi. Wiki ya tatu alimjia mama mkwe wake wakati wa chakula, akakaa chini akijikanda mashavu ya miguu.

"Mama, mimi nikiegemea kuvuta ile pembe ya mbali ya shuka, najihisi kama chupa tupu juu ya meza inayotikiswa. Toroli likinigusa tu, roho inaruka."

Mama Wima akatafuna, akameza.

"Simama kwenye rangi, mwanangu. Wewe mgeni hapa. Mimi ndiye niliyekusemea, usinitie aibu."

"Kwani wewe unafanyaje, Mama?"

"Mimi nimezoea."

Hayo ndiyo aliyomjibu. Mimi nimezoea! Heri mtu ajikwae dole kuliko kujikwaa ulimi.

Jumanne moja ya mwezi wa nne tangu rangi ipakwe, saa nne asubuhi, msichana alikuwa amebana miguu juu ya nyayo za njano, ameegemea mbele, mkono wa kushoto umenyooka kufuata pembe ya shuka la hospitali. Toroli likapita nyuma yake. Halikumgonga. Lilimgusa nyonga, kama lilivyokuwa likizigusa nyonga za wote kila siku tangu dobi lianze. Zamani ulikuwa unaguswa, unahamisha uzito mguu mwingine, unaendelea na hadithi yako. Yeye hakuwa na mguu mwingine wa kuhamishia. Yote miwili ilikuwa mahali pamoja. Akaenda mbele mzima mzima kama mti uliokatwa, pasi ikamponyoka, na mkono wake wa kulia ukatangulia chini yake.

Kilio kile Mama Wima alikisikia kabla hajaona. Ngozi ilitoka kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko.

Siku ya pili Mguu Sawa alikwenda zahanati, na Mama Wima akamkuta huko, amesimama kando ya kitanda na karatasi. Wino wake ulikuwa mweusi, mhuri wake wa duara. Imeandikwa: Nimeungua kwa uzembe wangu mwenyewe.

"Atie saini kabla ya Ijumaa saa sita," msimamizi alimwambia Mama Wima, kana kwamba mgonjwa hayupo. "Akitia, tutampa barua nzuri ya kutafutia kazi nyingine. Asipotia, ataondoka bila barua. Na matibabu ni juu yake kwa vyovyote. Dobi halilipii uzembe."

"Uzembe upi, baba?"

"Mtu mzima anaanguka akiwa amesimama, Mama. Amesimama tu! Hapandi ngazi, hakimbii. Sasa huo utauitaje?"

Akaondoka. Msichana alikuwa akilia bila sauti. Si kwa maumivu tu.

"Mama, labda ni kweli mimi mzembe. Mbona wewe huanguki?"

Mama Wima akatoka nje ya zahanati, akashika ukuta. Hasira ya kwanza ilikuwa juu ya yule mwanamume na mhuri wake. Hiyo ilikuwa nyepesi, ilimpa nguvu. Ya pili ilikuwa juu yake mwenyewe, nayo ilimlemea. Alitembea hadi nyumbani akisema peke yake njiani, na watu wakampisha.

Alhamisi nzima hakusema na mtu dobini. Ijumaa, saa tano na nusu, mkwe wake akaingia chumba cha pasi, mkono umefungwa bendeji na kutundikwa shingoni, kuja kutia saini. Mguu Sawa akaitandaza karatasi juu ya meza ya nne, akatoa kalamu.

"Weka chini hiyo kalamu," Mama Wima alisema kutoka nyuma ya nguzo.

"Mama, rudi kwenye kazi yako."

"Kazi yangu nimeizima." Akaja katikati ya njia ya toroli. "Na wewe usiniite Mama. Mama yako angekuona na karatasi hiyo angekunywa sumu."

"Mama Wima, utanilazimisha..."

"Nikulazimishe nini? Kuandika uongo? Huo umeandika bila kulazimishwa!"

Mwanamke wa meza ya tano akaning'iniza pasi yake, akazima. Wa sita akazima. Mvuke ukakatika meza baada ya meza, mpaka chumba kikawa na ukimya ambao hakikuwahi kuwa nao saa za kazi. Ukimya ule ndio uliomtoa meneja ofisini kwake. Meneja alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, mgumu wa uso, miwani yake imening'inia kifuani.

"Mashine zimeharibika?"

"Hapana, bosi," alisema Mguu Sawa upesi. "Mtu mmoja kafanya uzembe, na sasa mkwewe anataka kuugeuza mgomo."

"Mheshimiwa," alisema Mama Wima, "mimi sikusoma zaidi ya darasa la saba, hotuba siziwezi. Nina ombi moja. Huyu bwana asimame pale alipoanguka mtoto. Avute shuka. Toroli lipite. Pasi iwe ya baridi, maana mimi si mnyama."

"Mimi si mpiga pasi," alisema Mguu Sawa.

"Si ni kusimama tu, baba? Hupandi ngazi, hukimbii."

Wanawake wakaguna. Meneja alimtazama msimamizi wake, na msimamizi, mtu wa fahari, angefanyaje? Alikwenda. Akabana visigino juu ya rangi, nyayo zake zikaingia barabara, maana zilikuwa zake. Akashika pasi baridi, akanyoosha mkono mwingine kufuata pembe ya mbali.

"Hujaifikia," alisema Mama Wima. "Sisi huwa tunaifikia."

Akajinyoosha zaidi. Msukuma toroli akaja na mwendo wake wa kila siku, huku akinong'ona, "Samahani afande, napita." Toroli likamgusa nyonga.

Akalala juu ya meza kifudifudi, kirungu kule, pasi imembiringikia hadi kwenye kidevu. Ingekuwa ya moto, angekuwa na alama ya kuwasimulia wajukuu.

"Uzembe huo, afande!" ilipigwa kelele kutoka meza ya tisa. Chumba kizima kikapasuka kicheko, lakini Mama Wima hakucheka hata kidogo.

"Sikuwa nimejiandaa!" alisema Mguu Sawa akijipangusa.

"Na yeye alijiandaa? Rudia. Sasa achanisha miguu, huu mbele, huu nyuma. Toroli, pita!"

Likapita. Likamgusa pale pale. Akahama mguu hadi mguu, akabaki wima, na uso wake ukawa mbaya kuliko alipoanguka.

Meneja alivua viatu vyake vya kisigino, akakanyaga nyayo za njano kwa soksi, akaegemea kana kwamba anavuta shuka. Hakuguswa na mtu, lakini kila mmoja aliona mkono wake ukishika ukingo wa meza haraka.

Hapo mwanamume yule akatoa silaha yake ya mwisho, na ilikuwa kali.

"Sawa. Kama nyayo hizi ni mbaya hivyo, mbona yeye hajaanguka? Miezi minne, mwanamke wa umri wake, rangi ile ile! Wengine kumi wako wazima pia. Muulize, bosi. Muulize!"

Macho yote yakamgeukia. Mama Wima angeweza kusema uzoefu. Angeweza kusema Mungu. Mkwe wake alikuwa amesimama kando ya meza ya nne, mkono kifuani, akingoja jibu la swali lile lile aliloliuliza zahanati.

"Njooni," alisema.

Akawapeleka nyuma ya nguzo. Kwenye meza nyingine zote rangi ilikuwa imechakaa, imetoboka penye visigino. Mbele ya meza yake, nyayo za njano zilikuwa mpya, zinang'aa kama zimepakwa jana.

"Sijazikanyaga hata siku moja," alisema. "Na hao kumi waulize magoti yao, waulize wanavyolala na miguu juu ya mito. Bahati haikuwa imewaishia, basi."

Msukuma toroli akashusha pumzi kwa kishindo. Msichana akasogea karibu.

"Mama. Ulijua?"

"Nilijua."

"Nilikuuliza. Nilikuja nikakuuliza, ukaniambia nisimame kwenye rangi."

"Nilikuambia."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kupoteza meza yangu. Mwaka mmoja ulionibakia nimeununua kwa mkono wako."

Msichana akageuza uso. Hakulia. Kulia kungekuwa afadhali.

Meneja alivaa miwani, akachukua ile karatasi, akakata maneno "uzembe wangu mwenyewe" kwa mstari mmoja mnene, na juu yake akaandika: alama za sakafuni. Akatia saini yeye. Matibabu, alisema, ni ya dobi, na kazi ya msichana inamngoja. Rangi itakwanguliwa leo hii, na atakayeikwangua ni aliyeipaka.

"Na wewe," meneja alimwambia Mama Wima, "ulivunja amri miezi minne, na hilo silo linaloniudhi. Ulijua ukanyamaza. Jumatatu uanze kuwafundisha wote kusimama. Angalau hilo."

"Sifundishi."

"Unasema?"

"Aliyejua akanyamaza hawezi kusimama mbele ya watu akawaambia wasimameje. Wakinitazama wataona nini? Nitakwenda kukaa chumba cha kukunja, huko wanakaa. Kazi hiyo mpe huyu." Akamwonyesha mkwe wake.

Msichana akageuka, macho yamewaka. Kumbe hata yeye alikuwa na gogo lake.

"Mimi? Na mkono huu?"

"Kusimama hakufundishwi kwa mkono."

"Mimi bado sijakusamehe, Mama. Usije ukadhani."

"Sijakuomba msamaha. Nimekupa kazi." Akavua aproni, akaikunja mara nne kama ilivyo desturi yake, akaiweka juu ya meza iliyokuwa yake. "Usimpangie mtu kwa kipimo cha mguu wako, hata kama ni mzuri. Mpime kila mmoja kwa mabega yake mwenyewe, mwambie avute pembe ya mbali, umguse nyonga, uone anahamia wapi. Asipokuwa na pa kuhamia, msogeze mguu. Wakisema wamezoea, usiwasikilize. Hilo ndilo neno baya kuliko yote humu ndani."

Nyuma yao Mguu Sawa alikuwa amekwisha kupiga magoti na kikwangulio, na rangi ilikuwa ikitoka kwa mkwaruzo wa kutia meno ganzi.

"Nianze na nani?" msichana aliuliza, kwa ukali, bila kumtazama.

"Yule mfupi wa meza ya saba. Yeye anapanua mno, utadhani anataka kupanda punda. Nenda, kabla hawajawasha pasi."